Kashika Tatu: Kwa Nini Binti wa Riwaya za Vichekesho Haadhibiwi

Supu iligeuka bluu. Ingekuwa kijani cha mchicha au nyeusi ya kuungulia, mtu angesema bahati mbaya. Hii ilikuwa bluu kabisa, kama sketi ya shule ya msingi. Mpishi wake, mwanamke wa London mwenye miaka thelathini na kitu, alikuwa amewaalika marafiki waje kula kwake. Akataka kuwaonyesha kwamba na yeye yumo, akafunga mboga kwa uzi zisitawanyike sufuriani, na uzi wenyewe ulikuwa wa rangi. Ukachuja. Wageni ndio hao wanakuja, naye kasimama na mwiko mkononi anaikodolea macho sufuria.

Mwanamke huyo ni Bridget Jones, na hajawahi kuishi popote ila kwenye kurasa za Helen Fielding. Nimeanza na supu yake kwa sababu ukitaka kuzielewa riwaya za aina hii, zile za msichana wa mjini anayehangaika na mapenzi, kazi na ndugu huku anatuchekesha, jikoni pale ndipo pa kuanzia. Jiulize kinampata nini mwanamke aliyeharibu. Katika hadithi nyingi tulizosomeshwa, mwanamke akiharibu analipa, na mara nyingi analipa kwa mwili wake. Bridget anaona aibu, marafiki wanakula kitu kingine, na kesho yake anaandika tena kwenye shajara. Basi.

Wahenga wetu walishapitisha hukumu zamani: mshika mbili moja humponyoka, na njia mbili zilimshinda fisi. Binti wa riwaya hizi hakuishia kwenye mbili, kashika tatu. Zinamponyoka kwa zamu, siku nyingine zote kwa pamoja, na msomaji anafunua ukurasa unaofuata akicheka kwa sababu na yeye jana alidondosha moja na bado anaitafuta chini ya kitanda.

Kwanza tulimalize suala la jina. Kwa Kiingereza riwaya hizi zilipewa jina la mtaani ambalo ukilitafsiri kama lilivyo ni "fasihi ya vifaranga", maana kifaranga kule ni msichana, kama vile vijana wa Dar wanavyosema pisi na wa Nairobi wanavyosema manzi. Lilianza kama kejeli. Mwaka 1995 Cris Mazza na Jeffrey DeShell, Wamarekani, walilibandika kwenye mkusanyiko wa hadithi za wanawake, hadithi ngumu tu za majaribio, wakiwadhihaki wanaoamini kwamba mwanamke akishika kalamu anaandika mambo ya kitoto. Kejeli ikapotelea njiani. Haikupita miaka mingi, wachapishaji wakawa wanalitumia jina lilelile bila hata kutabasamu, wakiuzia vitabu vyenye jalada la waridi na kiatu cha kisigino kirefu. Kiswahili tunalo neno la heshima, riwaya pendwa, ila hilo limebeba pia wapelelezi na majambazi wote wa miaka ya sabini. Mimi humu nitasema riwaya za mabinti. Anayetaka kununa anune.

Bridget alizaliwa gazetini. Februari 1995 gazeti la The Independent la London lilianza kuchapa shajara yake kama safu. Fielding alikuwa ameombwa aandike maisha yake mwenyewe, ya mwanamke asiyeolewa mjini. Akaona haya, akamtunga mtu wa kumbebea aibu. Kitabu kikatoka 1996, filamu 2001. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa televisheni, akitengeneza filamu za kuchangisha misaada huku Afrika kwa ajili ya Comic Relief, na riwaya yake ya kwanza, ya 1994, inahusu kambi ya wakimbizi katika nchi ya Afrika ya kubuni. Haikuvuma. Aliyevuma dunia nzima ni huyu anayehesabu sigara zake. Hapo sina la kuongeza.

Mifupa ya kisa aliiazima kwa Jane Austen, kutoka riwaya ya 1813: mwanamume mwenye majivuno na mwanamke mwenye mdomo wanachukiana mbele ya watu, mpaka kila mmoja aligundue kosa lake. Mwanamume wa Bridget naye anaitwa Darcy, na kwenye filamu akachezwa na Colin Firth, yuleyule aliyekuwa Darcy wa Austen kwenye tamthilia ya BBC ya 1995. Utani juu ya utani. Lakini tazama kilichobadilika kati ya mabinti hao wawili. Elizabeth Bennet wa Austen na dada na wadogo zake, jumla watano, hawawezi kurithi nyumba ya baba yao; inakwenda kwa binamu wa kiume. Kwao kukosa mume ni kukosa paa. Bridget ana mshahara, ana funguo zake, anakula atakacho saa atakayo. Sharti limeondoka. Kilichobaki ni maswali ya mashangazi, na riwaya za mabinti zinaanzia hapohapo.

Siku ya mwaka mpya Bridget anakwenda kwenye karamu ya marafiki wa wazazi wake, mchuzi wa bata mzinga umepikwa, na hajakaa sawasawa anaulizwa mapenzi yanaendeleaje. Ondoa bata mzinga weka ubwabwa, uko Morogoro. "Na wewe je, tunakula lini pilau?" Mtu mwenye shahada mbili na watu kumi chini yake kazini anaulizwa hivyo na jirani aliyekuja kurudisha chujio la nazi, na anatakiwa ajibu kwa adabu huku akicheka. Miaka mia mbili ya maendeleo, swali halijaongezewa hata neno.

Sasa mtambo wenyewe unafanyaje kazi? Shajara ya Bridget kila siku inafunguliwa kwa hesabu: uzito, vinywaji, sigara, kalori. Tarehe 1 Januari ni sigara 22 na kalori 5,424. Uzito, ukiugeuza kutoka kipimo cha Kiingereza, ni kilo 58 na nusu hivi. Kilo hamsini na nane, na analia kanenepa! Mpeleke Tanga na kilo zake hizo. Kabla hajatua mzigo watamvuta pembeni kumuuliza kama mume anamtesa. Kwa hiyo kichekesho cha uzito kwetu hakifiki kizima. Kinachofika ni ile tabia ya kujifanyia ukaguzi kila asubuhi kama mkaguzi wa hesabu za serikali, kuapa kwamba kuanzia leo, halafu usiku kuandika kilichotokea kweli. Kati ya kiapo cha asubuhi na ungamo la usiku pana pengo, na mwandishi anatega humo.

Fundi wa riwaya hizi anajua kumwachia msomaji aone kabla ya mhusika. Binti anatusimulia kwa kinywa chake, anajitetea, anapamba, na sisi huku nyuma ya mgongo wake tunaona bosi anayemtumia ujumbe kuhusu sketi yake fupi atamfikisha wapi. Tunajua. Yeye hajui. Tungekuwa tunasimuliwa na mtu wa pembeni tungemhukumu. Kwa kuwa anatusimulia mwenyewe, tunamhurumia na kumcheka kwa pamoja, kama unavyomcheka mdogo wako wa damu.

Anayenifurahisha zaidi katika ufundi huo ni Sophie Kinsella, ambaye jina lake hasa lilikuwa Madeleine Wickham, na ambaye kabla ya riwaya alikuwa mwandishi wa habari za fedha. Mwaka 2000 akamleta Becky Bloomwood: kazi yake ni kuandika kwenye jarida linalofundisha watu kuweka akiba, na yeye mwenyewe ana madeni mpaka utosini. Katikati ya kisa Kinsella anachomeka barua za benki. Zimeandikwa kwa heshima zote, akaunti yako imezidi kiwango, tafadhali fika ofisini. Inayofuata inampa pole kwa balaa alilolitaja kama kisingizio, na heshima ileile inaanza kupungua barua kwa barua. Hatuzioni zote alizoandika Becky. Tunaona majibu tu, tunatunga uongo wake wenyewe kichwani, na uongo tuliotunga sisi unachekesha kuliko ambao angeuandika mwandishi.

Halafu kuna skafu. Becky anaiona dukani, imeshushwa bei, kapungukiwa pauni 20. Anamdanganya mwanamume tajiri anayemfahamu kikazi kwamba ni zawadi ya shangazi yake aliyelazwa, anakopeshwa, na kuanzia hapo anaishi na shangazi mgonjwa asiyekuwepo. Kitambaa cha shingo tu, lakini kimeshamfunga na kazi yake, na mwanamume, na ukoo. Ndiyo maana nasema hivi vitu vitatu, mapenzi, kazi na nyumbani, ukivikuna kidogo chini unakuta kimoja: fedha. Wengi wanaozidharau riwaya hizi wanadhani zinahusu kubusiana. Nyingi zinahusu tarehe 20 ya mwezi.

Msomaji wa Nairobi Becky hahitaji kuelezwa. Mkopo wa simu wa M-Shwari ulikuja 2012, wa Fuliza Januari 2019. Sisi wa Tanzania tukapata Songesha. Barua ya benki imekuwa ujumbe wa simu. Mlio unalia saa kumi na mbili alfajiri, unajinyoosha ukidhani ni mtu amekukumbuka, kumbe ni deni limekukumbuka. Na kuna zile programu za mikopo ambazo ulipochelewa zilikuwa zinawapigia watu walio kwenye simu yako kuwaambia unadaiwa. Kenya ililipiga marufuku jambo hilo kwa kanuni za Benki Kuu za 2022. Sasa chukua jina moja kati ya hayo yaliyomo kwenye simu. Umelihifadhi wiki iliyopita, "Mama Juma Mkwe", na alama ya moyo. Programu haijui mkwe ni nini. Inapiga. Mama wa watu yuko sokoni anachagua nyanya, anapokea, anaulizwa kama anamfahamu binti fulani mwenye deni la shilingi elfu nane. Nani anahitaji kubuni njama tena baada ya hapo? Riwaya imeshajiandika hadi sura ya sita.

Bridget akipata mshahara ni wake. Mama yake anamsumbua, tena sana, anafikia hata kumwacha mumewe akafuatana na tapeli wa Kireno, lakini hamwombi bati za kuezekea. Mshahara wa binti wa huku una mikono mingi: ada ya mdogo, dawa za bibi, kikoba siku ya Jumamosi, na mchango wa harusi ya binamu. Kadi ya mchango inaletwa na mtu, haitumwi, ili usiseme haikufika. Na imechapwa bei mbili, singo na dabo. Asiyeolewa anaonyeshwa nafasi yake kwa hesabu: wewe bei yako nusu, kiti kimoja, sahani moja. Sijawahi kuona fedheha iliyopigwa chapa nzuri namna ile, herufi za dhahabu na utepe juu.

Waandishi wa Afrika Kusini waliliona hili la mikono mingi mapema. Zukiswa Wanner, katika The Madams ya 2006, ana mwanamke Mwafrika wa Johannesburg, kazi nzuri, mume, mtoto, amechoka kufa. Suluhisho ni la kila nyumba ya mjini kuanzia Soweto hadi Sinza: tafuta dada wa kazi. Isipokuwa huyu anaajiri dada Mzungu. Kichekesho kinakata pande zote mbili, maana ghafla watu wote wanalazimika kuona kitu ambacho dada mweusi akikifanya hakionekani. Bridget hana dada wa kazi. Kwetu mwanamke hawezi kushika vitatu bila mwanamke mwingine kushikilia mtoto, na huyo mwingine ana mapenzi yake, madeni yake na mama yake kijijini. Riwaya ambayo dada wa kazi ndiye anayesimulia naisubiri kwa hamu. Cynthia Jele naye, katika riwaya yake ya kwanza ya 2010 kuhusu marafiki wanne wa Johannesburg, alichukua tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu bora cha kwanza kwa ukanda wa Afrika mwaka 2011, na 2016 ikawa filamu. Riwaya za povu hazipewi tuzo hizo kirahisi.

Povu, ndiyo. Neno ni la Beryl Bainbridge, mwandishi mkubwa wa Uingereza, ambaye mwaka 2001 alisema vitabu hivi ni vitu vya povu tu. Doris Lessing, aliyekulia Rhodesia ya Kusini na baadaye kushinda Nobel, akamuunga mkono: afadhali hawa wasichana waandike maisha yao kama wanavyoyaona kweli. Nimelifikiria sana hilo. Lessing alikuwa na haki kwa nusu. Ukisoma kumi za aina hii mfululizo utachoka na mikoba, na utaona kwamba binti huyu mwenye uhuru wote, mwishoni anaokolewa na mwanamume yuleyule: Darcy ni wakili mwenye jina, na yule wa Becky ana kampuni yake. Kurasa mia tatu za kucheka na madeni, kisha tajiri anaingia. Huo ni woga wa mwandishi, au wa mchapishaji wake. Na mkoba wenyewe ulizeeka vibaya: filamu ya Becky ilitoka Februari 2009, benki zimeanguka, watu wanapoteza nyumba, na sisi tuko ukumbini tunamtazama mtu akinunua viatu.

Nusu ambayo Lessing aliikosa ni kwamba kujiona kweli ndiko huko. Mwanamke anayeandika amekula nini na amedanganya nani, bila kujifanya shujaa wala mhanga, huyo anajiona sawasawa. Wanaume wameandika hivyo tangu dunia iumbwe, walevi na waoga na wadaiwa wanaopendeza, na hakuna aliyewaita povu.

Tena haikuwa shughuli ya London peke yake, wala London haikuwa ya kwanza. Terry McMillan, Mmarekani Mweusi, alitoa hadithi ya marafiki wanne wa Phoenix mwaka 1992, miaka mitatu kabla ya Bridget, na anayemkumbuka Angela Bassett kwenye filamu ya 1995 akiijaza gari nguo za mume msaliti na kuitia kiberiti hana haja ya kukumbushwa zaidi. Na mwaka 2005, Beirut, ikachapwa riwaya ya Kiarabu ya Rajaa Alsanea, Msaudia kijana aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, kuhusu wasichana wanne wa Riyadh. Kwao haikuruhusiwa mwanzoni. Nakala zikaingia kwa mlango wa nyuma. Msimulizi anatuma habari za marafiki zake kwa barua pepe kila Ijumaa, amepaka rangi nyekundu mdomoni, na barua inayofuata anaifungua kwa kuwajibu waliomtukana.

Watu wa mwambao na jamaa zetu walioko Maskati na Dubai wataisoma hiyo kwa namna nyingine na Wazungu. Mmoja wa wasichana, Sadeem, ameshafungwa nikahi na Waleed, sherehe bado. Katika kipindi hicho anamridhia mumewe, ambaye kisheria ni mume wake kabisa. Waleed ananyamaza, simu hapokei, kisha inakuja talaka. Kosa lake hakuna kitabu cha sheria kinachoweza kulitaja. Mtu wa Unguja au Lamu haambiwi kwa nini kipindi kile kati ya nikahi kusomwa na bibi harusi kukabidhiwa ni daraja la kamba. Amewahi kuona binti ameanguka pale. Mwandishi anamwacha Sadeem alie, tena sana, lakini hamzamishi. Anamfufua, anampa kazi, anampa hata mwanamume mwingine wa kumsumbua.

Hapo ndipo narudi kwetu na kidonda chetu. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika. Rosa wa Ukerewe analetewa barua na mvulana, baba mlevi anampiga; anakwenda shule, anakwenda chuo Morogoro, anaonja uhuru, anaharibikiwa, na mwisho anajiua. Ni riwaya kubwa, ya kishujaa kwa wakati wake. Ilikatazwa mashuleni kwa kusema mambo ambayo kila mtu aliyajua. Maimuna wa Said Ahmed Mohamed, katika Utengano ya 1980, anatoroka nyumba aliyofungiwa na baba, na mji unamtafuna mpaka karibu na mfupa kabla hajarudi. Waandishi hawa walikuwa upande wa mabinti wao. Walikuwa wanawalaumu akina baba. Lakini hesabu ikifungwa, anayelala kitandani mgonjwa au kaburini ni binti. Ukisoma hivyo tangu kidato cha pili unajifunza kanuni ambayo mwalimu hakuiandika ubaoni: msichana akipanda basi la kwenda mjini, kaa na leso mkononi.

Upande wa kuchekesha tulikuwa nao David Maillu, Nairobi, aliyejichapia mwenyewe kupitia Comb Books. After 4.30, ya 1974, imetajwa kwa saa za kufunga ofisi, saa kumi na nusu jioni, na inampa sauti mpiga chapa wa ofisini mwenye bosi asiyejua mipaka. Watu walizinunua kama maandazi, na Tanzania vitabu vyake vikapigwa marufuku. Tatizo ni kwamba sauti ya mpiga chapa ilikuwa imeandikwa na mwanamume. Inachekesha, ila unasikia kikohozi chake nyuma ya pazia.

Je, wanawake wetu walikuwa hawacheki? Thubutu. Walicheka mahali pengine. Kanga imebeba kwa miongo mingi majibu ambayo hakuna mchapishaji angeyakubali: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Miaka ya tisini vikundi vya taarab vya TOT na Muungano vilipokuwa vinatupiana mipasho, ukumbi ulijaa wanawake waliovaa kilo za dhahabu ya kuazima, na Khadija Kopa akisimama jukwaani kila mmoja alijua mstari unaofuata anamtunza nani, huku akimwangalia nani. Mapenzi, fedha, mawifi, yote yamo humo, kwa mwanamke mwenye ulimi na bila mtu kufa mwishoni.

Na kuna kichenpati. Nilikwenda ya mtoto wa rafiki yangu, Temeke, ukumbi wa viti vyeupe vya plastiki vilivyovishwa mashuka. Mwali ni mhasibu, amekaa chini kajifunika kanga. Wamepita wa kumfundisha kupika na wa kumfundisha kunyamaza, halafu akasimama bibi mmoja mfupi, muuza samaki wa Feri, akachukua kipaza sauti kama anataka kukinunua. "Mwanangu," akasema, "mshahara wako mtajie nusu. Ile nusu nyingine ni mume wako wa pili. Huyo hakuachi, hanuni, na mama yake hana neno na wewe." Ukumbi ulipasuka. Mwali naye, ambaye hakutakiwa kucheka, nilimwona kanga inatikisika. Dakika ile moja ilikuwa na kila kitu Kinsella alichokuwa akikitafuta kwa kurasa mia tatu.

Kwa nini basi bibi yule hayumo kitabuni? Sababu si uhaba wa vipaji. Mchapishaji wa Kiswahili anaishi kwa shule. Kitabu kisichoingia kwenye orodha ya kiada au ziada kinakaa stoo kinaliwa na panya, na ili kiingie lazima mwalimu aweze kuuliza, "Jadili dhamira kuu ya mwandishi." Mwanamke anayedaiwa, anayempenda mtu asiyefaa, na ambaye mwisho wa kitabu bado anadaiwa kidogo na hajajuta, dhamira yake utaiweka wapi kwenye karatasi ya mtihani? Magazeti ya udaku yalifungua mlango kwa hadithi za mfululizo, ila mlango huo ulijaa misiba, majini na watoto waliobadilishwa hospitalini. Majaribio ya kuvuka lugha nayo yalikuwepo: Ankara Press ya Nigeria, iliyoanzishwa ili kutoa riwaya za mapenzi za wanawake wanaojitegemea, ilitoa mkusanyiko wa Siku ya Wapendanao mwaka 2015 ambamo hadithi ya Binyavanga Wainaina iliwekwa kwa Kiswahili na Elieshi Lema. Hadithi moja. Ilipendeza, ikapita.

Soko lenyewe kwa sasa liko kwenye simu. Hadithi inakuja kwa vipande kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu ya kwanza mpaka ya tano bure, ya sita lipia, na pale alipofungua mlango akamkuta mumewe na "ITAENDELEA" kwa herufi kubwa. Nimelipia. Nyingi bado zinalia kuliko kucheka, kwa sababu kilio kinakatika vizuri mwisho wa kipande na kicheko ni kigumu kukikata. Lakini siku hizi naona zinazoanza kwa "mimi", mwanamke anayejisema mwenyewe kabla hajasemwa, na hilo limenitia kiherehere. Juzi nimejaribu ukurasa mmoja. Naambiwa ulikuwa wangu mno kuwa hadithi, nao ulikwenda hivi:

"Alhamisi. Simu za mama ambazo sijapokea: 3. Maswali ya pilau: 2 (la pili kutoka kwa konda). Deni la simu: 18,400. Vitumbua: 4, lakini kimoja kilivunjika, hakihesabiki. Bosi kaandika 'tuongee kesho', bila salamu. Mama katuma ujumbe: kadi ya binamu imeshapelekwa kazini kwako. Nimeifungua mbele ya watu, nikaona ilipoandikwa singo, nikaona wanavyoniangalia. Nimelipa dabo. Wa kwenda naye nitaanza kumtafuta Jumatatu."